Mjane wa Hosea Tisdale

Verlene Tisdale hakuwahi kuimba mbele ya watu. Hakushika gita, na kanisani alikuwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba. Ukitafuta jina lake katika vitabu vya historia ya muziki wa Marekani utachoka bure. Vitabu hivyo ninavijua, mpwa wangu ananiletea. Vyote vimepanga mambo kama mabehewa ya treni: mbele nyimbo za mashambani, nyuma yake bluzi, halafu nyimbo za kanisani zilizovuliwa joho zikapelekwa baa, na mwisho kabisa hip hop. Walioandika hivyo hawakuishi jengo letu. Kwa Verlene mambo hayo yote yalikuwa nyumba moja na mwanamume mmoja.

Mimi naitwa Ozella Rucker. Nilikulia shamba la jirani na kwao Verlene, nje ya Greenwood, Mississippi, na maisha yakatukutanisha tena Bronx, yeye ghorofa ya nne, mimi ya pili. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia amesoma mahali.

Kwetu watu walilima pamba kwenye ardhi ya wenyewe, kwa nusu ya mavuno ambayo haikuwahi kuwa nusu. Mwanamume alikuwa anashinda nyuma ya jembe na nyumbu, hana wa kuzungumza naye ila huyo nyumbu, na nyumbu hajibu. Basi alikuwa anapiga ukemi, mwito mrefu wa sauti tupu. Haukuwa wimbo, maana haukuwa na maneno, lakini ulikuwa na mwanzo na mwisho wake, na kila mwanamume alikuwa na wa kwake. Kuiga ukemi wa mwenzio ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kuvaa viatu vyake bila kumwomba. Jioni wanawake walikuwa wanasimama vibarazani na kusikiliza. Huyo Amzi. Huyo mtoto wa Luvenia. Huyo mume wangu, weka kikaango motoni. Hakuna aliyeuliza jina.

Ukemi wa Hosea Tisdale ulianzia chini kifuani, ukapanda, ukakatika katikati kama uzi, halafu ukaibukia juu mahali ambapo hukuutarajia. Verlene aliupenda kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na ghafla akawa msichana anayependa usafi.

"We Verlene," mama yake akamwambia siku moja, sisi tukiwa pale, "mbona kila jioni unafagia kibaraza? Kuna dhahabu umeipoteza?"

"Vumbi tu, Mama."

"Vumbi. Mwambie vumbi lako lije mchana, tulione sura."

Likaja mchana, limevaa shati la kuazima. Wakaoana.

Hosea alikuwa mtu mpole, na upole wake uliisha Jumamosi tu, aliposhika gita kwenye nyumba za kucheza, kukiwa na kambare wa kukaanga na pombe ya magendo. Mchungaji alimsema madhabahuni bila kumtaja, akimtazama usoni. Verlene alikuwa anainamisha kichwa, lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa anampigia pasi shati la kwenda nalo huko huko. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Aliyempenda alimpenda, hata Mungu akiwa anakunja uso kidogo.

Mwaka 1957 Hosea alikwenda Memphis akarekodi. Kampuni yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja, nyuma ya duka la fanicha. Walimpa mpiga ngoma kijana, na katikati ya wimbo, vyombo vyote vikanyamaza, yule kijana akabaki peke yake na ngoma zake. Hosea hakujua afanye nini na kimya hicho. Akapiga ukemi wake, ule wa shambani. Mwenye kampuni akacheka, akauacha humo humo.

Santuri ilitoka ikiwa na lebo ya kijani na maandishi ya dhahabu: Hosea Tisdale. Alikuwa msomaji wa kubahatisha, lakini jina lake alikuwa analijua vizuri. Nilimwona akilipitishia kidole, herufi moja moja, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Ilipigwa mara chache redioni kule Memphis, kisha mwenye kampuni akafunga duka akatoweka na sanduku la santuri zilizobaki, na habari ikaishia hapo. Nyumbani ilibaki santuri moja.

Wakahamia Bronx kama tulivyohamia wote, mtoto wao Cordell akiwa mchanga. Hosea alikuwa anabeba nyama kwenye ghala la baridi. Kifua kikamwanza, kikamkaa, na mwaka 1962 kikamuua. Verlene alikuwa mpishi jikoni mwa shule. Baada ya hapo kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hata ya kuvua kofia, alikuwa anaiweka santuri ile, anakaa kitini na mkoba mapajani, anaisikiliza mpaka mwisho. Halafu ndio anavua kofia na kuwasha jiko. Sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa amekaa tu na mumewe.

Sasa niseme kuhusu Cordell, na nitajitahidi nisimseme vibaya, maana nilimpenda na bado nampenda.

Kufikia mwaka 1977 mtaa wetu ulikuwa umeungua nusu. Vijana hawakuwa na kazi, na shule zilikuwa zimeuza vyombo vya muziki, kwa hiyo wakafanya muziki kwa santuri za wazazi wao. Walikuwa wanabeba spika kubwa kama makabati mpaka bustanini, wanavuta umeme kutoka kwenye nguzo ya taa ya barabarani, na mchana kutwa wanapiga. Hawakutaka wimbo mzima. Walitaka pale tu vyombo vinaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, wapige hapo, warudishe, wapige tena, mpaka watu wapagawe. Cordell alikuwa dijei, na alikuwa na mshindani, kijana mmoja mrefu mwenye majivuno aliyeitwa Prentiss.

Vita yao ilikuwa juu ya nani ana ngoma ambayo mwenzake hana. Ukiwa nayo, wapelelezi wa mwenzio wanakuja kujifanya wanacheza, wanachungulia lebo, na kesho yake wanakwenda dukani. Kwa hiyo madijei wote wa Bronx walikuwa na desturi moja: santuri nzuri inalowekwa kwenye maji mpaka lebo ing'oke. Inabaki na upara katikati, na siri inabaki na mwenyewe.

Jumamosi moja nilikuwa nimepanda kwa Verlene kuazima unga wa mahindi. Akaingia bafuni kuosha mikono. Nikasikia kimya ambacho sikukipenda, nikamfuata. Beseni la kuogea lilikuwa limejaa maji, na juu yake vinaelea vipande vya karatasi ya kijani. Akaokota kimoja, kikayeyuka kidoleni mwake.

"Cordell!" Sikujua kama ana sauti kubwa hivyo. "Cordell, njoo hapa!"

Kijana akaja, ameshika santuri na taulo.

"Ma, ngoja. Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini? Nisikilize maji?"

"Ma, ile sehemu ya katikati, ya ngoma, na Baba anavyopiga ule ukemi! Hakuna mtu Bronx nzima ana kitu kama kile. Hakuna! Prentiss akiipata nimekwisha. Kila mtu anaziloweka, Ma, ni kawaida."

"Duka gani lina santuri ya baba yako? Nitajie duka moja."

"Wakijua jina watatafuta. Sitaki wamjue."

"Mimi nataka wamjue!" Verlene akasema. "Lile ndilo jina lake, Cordell. Lilikuwa hapo peke yake."

Mimi ningemzaba kofi, mkono ulikuwa umeshaanza safari. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa anaifuta santuri taratibu kwa lile taulo. Alikuwa amefiwa na baba akiwa mdogo sana, hakumkumbuka vizuri, na sasa amempata mahali ambapo na yeye anaweza kumtumia.

"Mpaka Agosti tu, Ma," akasema. "Mpaka nimshinde Prentiss. Nikishinda nitamtangaza kwa maikrofoni, jina lake lote, na mahali alipozaliwa. Nakuapia. Ila mpaka hapo usimwambie mtu. Mtu yeyote akikuuliza, humjui. Dada Ozella, na wewe pia."

Verlene akainamia yale maji. Kisha akachomoa kizibo, akayaacha yaende.

"Mpaka Agosti," akasema.

Siku ya mashindano bustani ilijaa mpaka watoto wakapanda uzio. Sisi akina mama tulikuwa tumeleta viti vyetu na kuku wa kukaanga. Prentiss alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha Cordell akatoa ile santuri yenye upara. Wenzake walikuwa na nakala mbili mbili za kila kitu, wanaruka kutoka moja kwenda nyingine. Yeye alikuwa na hiyo moja, kwa hiyo aliirudisha kwa kidole, sindano ikila mle mle.

Ngoma zikaanza. Halafu Hosea akapiga ukemi juu ya Bronx.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa sijausikia kwenye uwanja wa wazi tangu Mississippi, na pale hakukuwa na pamba, palikuwa na majengo yaliyoungua na vijana waliovaa raba, wote wameinua mikono kama walikuwa wanamngojea. Cordell akaurudisha. Ukaja tena. Ukaja tena. Nilimtazama Verlene. Alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, machozi yanamtiririka, na alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane, kwamba alikuwa na furaha.

Hapo ndipo akatokea Bwana Lonnie Mabry. Alikuwa na duka la santuri Barabara ya Tatu, mzee wa watu, na kabla ya kuja kwetu alikuwa Memphis. Alikuja anakata umati, kofia mkononi, uso wote umefunguka.

"Dada Tisdale! Dada Tisdale, masikio yangu yananidanganya? Huyu si Hosea? Niliisikia redioni Memphis, miaka hiyo! Huyu si Hosea wako?"

Prentiss alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, na chupa ya soda. Hakugeuka, lakini aliacha kunywa. Kule mbele Cordell alikuwa ameona. Mkono wake ulikuwa juu ya santuri, na macho yake yalikuwa kwa mama yake, yanamwomba.

Verlene akashusha leso.

"Hapana, Bwana Mabry," akasema. "Siye."

"Siye? Lakini Dada, ukemi ule..."

"Hosea hakuwahi kurekodi. Alikuwa mtu wa kubeba nyama." Kisha akaongeza, na sijui kwa nini aliongeza: "Nani amjuaye kuliko mimi?"

Watu wakacheka. "Mzee, masikio yanataka mafuta hayo!" mmoja akamwambia, na mwingine akasema, "Nenda nyumbani Bwana Mabry, jua limekupiga." Bwana Mabry akavaa kofia yake. Alikuwa mtu mwenye adabu; aliomba radhi kwa kumtaja marehemu ovyo, akaondoka.

Cordell alishinda siku ile. Walimbeba mabegani. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwake, nami nikakaa nangoja. Hakusema kitu. Jioni Verlene alipomuuliza, akasema, "Bado kidogo, Ma, Prentiss anataka kurudiana." Baada ya kurudiana kulikuwa na mwaliko wa ukumbi fulani, bado kidogo tena. Na Verlene naye, kila Jumapili alikuwa anasema, "Leo nitapita dukani nimwambie Bwana Mabry kweli." Alikuwa anafika pembeni ya duka, anarudi. Aibu ilimshika miguu. Siku moja tukakuta duka limefungwa. Mzee alikuwa amerudi Kusini kwa dada yake. Miaka mingi baadaye tukasikia amefariki.

Usifikiri Cordell alipata kitu. Miaka michache tu, wenye kushika maikrofoni na kutoa mashairi wakawa ndio wafalme, na dijei akasogezwa nyuma kama mpiga kinanda wa harusi. Aliuza mashine zake akapata kazi ya kutengeneza lifti. Santuri alimrudishia mama yake. Jumapili hiyo Verlene aliiweka, akakaa kitini, kofia kichwani. Ilipofika katikati, ukemi ulikuwa umesagika. Sindano ilikuwa imepita hapo mara elfu. Sauti ya Hosea ilikuwa inatoka kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaiondoa, akaifunga ndani ya foronya, na hakuipiga tena.

Lakini mashindano yale mtu alikuwa ameyarekodi kwenye kanda. Kanda ikapita mkono kwa mkono, ikatoka Bronx, na kiangazi cha mwaka 1988 kampuni moja kubwa ikatoa wimbo wa rap uliojengwa juu ya ngoma zile, na kila baada ya mistari michache, ukemi. Wimbo ulikuwa kila mahali: kwenye magari, madirishani, kwenye redio za vijana mabegani. Verlene alikuwa anavuka barabara kwenda kununua mboga, mumewe anamwita kutoka kila gari. Cordell alikuja jikoni, mtu mzima wa miaka thelathini mwenye mafuta ya lifti mikononi, akakaa mezani akalia kwa sauti. Verlene alimshika kichwa akamnyamazisha. Kesho yake akaja kwangu amevaa kofia ya kanisani, foronya mkononi.

"Ozella, nisindikize mjini."

"Unakwenda kudai pesa?"

"Sitaki hata senti. Nataka waandike jina."

Ofisi ilikuwa juu sana, na vioo kila upande. Tulipokewa na kijana mweusi mpole, alituita Mama wote wawili, akatuletea maji. Aliipiga ile santuri yenye upara, na ilipofika katikati akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo.

"Ndiyo hii," akasema. "Mungu wangu, ndiyo yenyewe. Mama, huyu ni nani?"

"Ni mume wangu," Verlene akasema. "Hosea Tisdale."

Alilitamka polepole, wazi, jinsi mtu anavyoweka sahani mezani mbele ya mgeni. Nilifurahi mno kulisikia ndani ya ofisi ile. Kijana akaandika, akaingia ndani. Alirudi na bosi wake, mzee mwenye miwani, na huyo hakuwa na furaha ya kijana.

"Mama, samahani," akasema. "Jina hilo si geni kwetu. Kabla ya kutoa wimbo tulimtafuta mwenye sauti, kwa nia njema kabisa. Tulimpata mzee mmoja Kusini aliyekuwa na duka huko kwenu, Mabry. Alikuwa mgonjwa, lakini akili ilikuwa timamu. Alituambia alikuwa tayari kuapa kuwa ni Hosea Tisdale. Ila mjane wake mwenyewe, mwanamke wa kanisa ambaye hasemi uongo, alimwambia mbele ya umati kuwa siye. Kwamba mumewe hakurekodi maisha yake yote." Akavua miwani. "Basi tukaliondoa. Tungefanyaje? Mjane ndiye anayejua."

Nilitaka Verlene aseme kuwa mzee alichanganyikiwa, kuwa ilikuwa mtu mwingine, chochote. Ningemsaidia, uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Aliwaambia kweli," Verlene akasema. "Ni mimi niliyemwambia."

"Sasa, Mama, siku ile ulikuwa unasema uongo, au leo?"

"Siku ile."

Yule bosi hakuwa mtu mbaya. Alieleza kuhusu wanasheria, na kwamba santuri haina lebo, na shahidi ameshakufa. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Tulipokuwa tunaondoka kijana alimpa Verlene kanda ya ule wimbo, bure. Ndani yake kuna karatasi ndogo yenye majina ya wote waliohusika, hadi aliyepiga picha. Mahali pa ukemi pameandikwa: sauti ya mtu asiyejulikana.

Kwenye treni Verlene alikaa karibu na dirisha. Alikuwa ameshika foronya kwa mikono miwili. Tulikuwa tumeshavuka kuingia Bronx ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Nilimkana, Ozella."

"Ulifanya kwa ajili ya mtoto."

"Nilimkana, mbele ya watu, na yeye ananiita."

Nikatafuta la kumwambia, nikapata la kanisani, maana ndilo tulilolelewa nalo. "Petro naye alimkana Bwana Yesu, Verlene. Tena mara tatu. Na alisamehewa."

Akalifikiria. Alikuwa mwanamke wa haki, hata neno la kumfariji alikuwa analipima kwanza.

"Petro alisamehewa na mwenyewe aliyekanwa," akasema. "Yule alifufuka, akamfuata ufukweni, akamuuliza kama anampenda. Mimi Hosea ataniuliza lini?"